Nilimzika mzee akiwa hai

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki mbili na wengine mmeniuliza nimepotelea wapi. Nipo hapa hapa Tanga. Nilikuwa na aibu tu.

Mnajua kwamba pamoja na uandishi najifunza kutengeneza tovuti kwa Django. Hapa Ngamiani tunacho kijitovuti cha mtaa: bei za samaki za asubuhi, matangazo madogo madogo, na tanzia. Tanzia ndizo zinazosomwa kuliko vyote. Ndugu zetu walioko Dar, Mombasa hadi Muscat wanataka kujua nani katutoka na maziko ni saa ngapi.

Tovuti ilikuwa na hifadhidata mbili: moja ya matangazo, nyingine ya wasomaji na namba zao za simu. Nikaongeza ya tatu, nikaiita "mazoezi", nijaribie mambo humo. Kisha nikaandika faili la tanzia tatu za uongo. Uvivu ukaniponza. Badala ya kutunga majina, nikaweka yaliyonijia kichwani. La kwanza lilikuwa la babu jirani yetu, muuza kahawa.

Nikaandika amri ya loaddata, nikabonyeza. Jamani! Usipoitajia hifadhidata, amri ile inakwenda kwenye ile inayoitwa default, na default yangu ilikuwa ya matangazo halisi. Tena nilizipa tanzia zangu namba 1, 2 na 3, na loaddata ikikuta namba hiyo ipo tayari, inaandika juu yake. Tanzia tatu za kweli zikafutika. Za uongo, kwa kuwa zilikuwa na tarehe ya siku ile, zikakaa juu kabisa.

Haikupita saa, shangazi akapiga simu kutoka Pangani.

"Mwanangu, mbona hamkuniambia? Niko stendi nasubiri gari."

Nikachungulia dirishani. Babu yuko barazani, anamimina kahawa.

"Shikamoo shangazi. Rudi nyumbani. Hajafa."

Jioni nikaenda kumwomba radhi. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Maziko uliandika saa ngapi?" Saa kumi, babu. "Saa kumi mimi nina wateja," akasema, akanipa kikombe na kashata.

Sasa najua. Majaribio yaendeshwe kwa amri ya test: Django inaunda hifadhidata zake zenye jina linaloanza na test_, halafu inazitupa. Kila jaribio litaje hifadhidata linazozigusa. Tangu toleo la 2.2 la mwaka 2019, ukigusa ambayo hukuitaja jaribio linagoma. Na faili likiitwa tanzia.mazoezi.json, linaingia kwenye "mazoezi" tu, au haliingii kabisa. Majina nayo yawe ya kutunga. Sisi waandishi tunajua habari ya mfano inavyoweza kuponyoka hadi gazetini.

Lakini kilichoninyamazisha si babu. Kati ya zile tatu zilizofutika, moja ilikuwa ya mama wa rafiki yangu. Sikuwa na nakala. Ilinibidi nimfuate hadi Chumbageni, nimwombe aniandikie upya msiba wa mama yake. Akaandika bila neno, mstari kwa mstari, nami nimesimama pale mlangoni.

Haya, tuonane wiki ijayo. Na wekeni nakala.