Waliozaliwa katika kibanda cha magogo

Mwezi huu naomba nafasi katika ukurasa wetu wa familia nizungumzie vitabu viwili tulivyosoma nyumbani kwangu msimu huu wa mvua. Ni vitabu vya Kiingereza chepesi. Jirani yetu alituachia aliposafiri kwenda Kentucky, kule Marekani, pamoja na sufuria mbili na jembe. Kimoja kinaeleza utoto wa Abraham Lincoln, rais wa 16 wa nchi hiyo. Kingine kinaeleza walowezi wa zamani na Andrew Jackson, rais wa saba. Jioni mimi nilisoma, kijana wangu mkubwa akasaidia kutafsiri, mama watoto na wadogo wakasikiliza.

Najua wengine watauliza: ya nini kusoma habari za Amerika, na safari zenyewe zilisimamishwa Januari 2025? Swali ni la haki. Lakini mimi sikusoma kwa ajili ya safari. Kila mara watoto wetu huambiwa, "Someni, Lincoln alizaliwa maskini akawa rais," halafu hadithi inakatwa hapo. Nilitaka kujua iliyobaki.

Kwanza niseme maisha yenyewe yalikuwaje. Tukisikia Amerika tunawaza maghorofa na magari. Kumbe miaka mia mbili iliyopita, ukivuka milima ya Appalachian kuelekea magharibi, sehemu kubwa ilikuwa msitu. Mlowezi alifika na shoka, bunduki, mbegu za mahindi, na ng'ombe kama amebahatika. Alikata miti, akalaza gogo juu ya gogo, nyufa akaziba kwa udongo. Chumba kimoja, chini udongo mtupu, moshi humo humo. Chakula ni mahindi asubuhi na mahindi jioni, pamoja na nyama ya nguruwe au ya porini. Mama alisokota nyuzi, akafuma kitambaa, akashona nguo za watoto. Mke wangu aliposikia hayo akasema, "Kumbe nao ni watu wa mahindi kama sisi! Ila wao hawakupanga foleni ya mgao." Tukacheka.

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika kibanda cha namna hiyo, huko huko Kentucky. Akiwa hajatimiza miaka 10 alipeleka mahindi kusaga kwenye kinu kilichozungushwa na farasi. Farasi akampiga teke la kichwa, akazimia, watu wakadhani amekufa. Wanangu, ambao kila juma hubeba ndoo ya mahindi kwenda mashineni, walilipenda tukio hilo kuliko yote.

Mimi nilishikwa zaidi na habari ya shamba. Baba yake, Thomas Lincoln, alinunua ardhi Kentucky lakini akasumbuliwa na kesi. Wapimaji wa kule walitumia mti, jiwe au kijito kuwa mpaka, na shamba moja likaweza kuwa na wenyewe wawili au watatu, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Mwaka 1816 familia ikahama, ikavuka mto Ohio na kuingia Indiana. Lincoln mwenyewe aliandika baadaye kwamba walihama kwa sehemu kwa sababu ya utumwa uliokuwepo Kentucky, lakini hasa kwa sababu ya matatizo ya hati za ardhi. Indiana serikali ilikuwa imepima ardhi kwa mistari iliyonyooka, na mnunuzi alipata karatasi ya kuaminika. Sisi wa Fizi, Uvira na kwingineko, nani hajui maana ya karatasi ya shamba?

Miaka miwili tu baada ya kuhamia Indiana, Oktoba 1818, mama yake alikufa. Jina lake Nancy. Ng'ombe walikuwa wakila jani la msituni lenye sumu, sumu ikaingia katika maziwa, na watu walipokunywa walikufa bila kujua kilichowaua. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Mwaka uliofuata baba alirudi Kentucky akaoa mjane mwenye watoto watatu, Sarah Bush Johnston. Watu husema mama wa kambo si mama. Huyu alikuwa mama. Yeye mwenyewe hakuwa na elimu ya kusoma, lakini alimpenda mtoto yule na akamtetea asome. Nawaandikia hasa ninyi akina mama mnaolea watoto wasio wa tumbo lenu katika kambi hii. Kazi yenu haionekani kwenye orodha yoyote, lakini tazameni ilivyozaa.

Shuleni Lincoln alikaa, ukijumlisha siku zote, muda usiofika mwaka mmoja. Shule zenyewe zilikuwa vibanda. Mwalimu alilipwa na wazazi kwa mchango, wakati mwingine kwa mazao, na wanafunzi walisoma wote kwa sauti kwa mara moja. Vitabu aliviazima. Inasimuliwa kwamba aliazima kitabu cha maisha ya George Washington, rais wa kwanza, mvua ikapenya kati ya magogo ikakilowesha. Akaenda kwa mwenyewe, akafanya kazi katika shamba lake la mahindi siku kama tatu kulipa. Kitabu kikawa chake.

Basi, hapo ndipo hadithi ya watoto inapokatwa. Hebu tuendelee.

Msitu ule haukuwa pori lisilo na mwenyewe. Wenyeji asilia waliishi humo tangu zamani: Washawnee, Wadelaware, Wamiami na wengine. Babu yake Lincoln, naye jina lake Abraham, aliuawa shambani kwake Kentucky mwaka 1786 na mtu wa hao wenyeji, huku Thomas, akiwa bado mtoto, akiona. Mtu wa upande wa Lincoln atasema: tulishambuliwa. Mtu wa upande wa pili atasema: mlilima katika nchi yetu. Kiongozi wa Washawnee aliyeitwa Tecumseh alizunguka akifundisha kwamba ardhi ni ya mataifa yote ya wenyeji kwa pamoja, hakuna kundi moja linaloweza kuiuza peke yake. Aliuawa vitani Oktoba 1813. Miaka mitatu baadaye familia ya Lincoln ikajenga kibanda Indiana.

Sasa tuje kwa Andrew Jackson. Huyu alizaliwa mwaka 1767, baba yake akiwa amekufa wiki chache kabla. Vita vya kupigania uhuru kutoka kwa Waingereza vilipofika kijijini kwao, alikuwa kijana wa miaka 13, akatumika kupeleka ujumbe. Kaka yake mkubwa alikufa vitani. Mwaka 1781 yeye na kaka yake mwingine walitekwa. Afisa mmoja Mwingereza alimwamuru asafishe buti zake, akakataa, akakatwa kwa upanga mkononi na kichwani. Kifungoni wote wawili wakashikwa na ndui. Mama yao alipigania watolewe, wakatolewa, lakini kaka alikufa. Mama naye akaenda kuwauguza wafungwa wengine huko Charleston, akaambukizwa ugonjwa akafa. Jackson akabaki peke yake duniani na miaka 14.

Tuliposoma hapo nyumba nzima ilinyamaza. Kila mmoja kambini anajua mtoto wa namna hiyo, na wengine wetu ndio mtoto huyo. Kijana wangu, ana miaka 15, akasema: "Papa, na mimi nikikua nitakuwa mkubwa wa jeshi. Wale walioingia katika shamba la babu nitawatoa wote, pamoja na watoto wao. Nao walale nje waone."

Sikumkaripia. Maneno hayo hakuyatoa hewani, ameyasikia kwetu sisi wakubwa tukiota moto jioni. Nilimwambia tu, "Ngoja, tumalize kitabu."

Jackson alikuwa mwanasheria, akawa jenerali, akawa tajiri mwenye shamba kubwa lililolimwa na watumwa. Mwaka 1829 akawa rais. Tarehe 28 Mei 1830 alitia sahihi sheria ya kuwahamisha wenyeji asilia kutoka mashariki kwenda ng'ambo ya mto Mississippi. Katika Baraza la Wawakilishi sheria hiyo ilipita kwa kura 102 dhidi ya 97. Maana yake ni kwamba wengi hata wakati ule waliona si haki. Mmoja wao ni David Crockett wa Tennessee. Naye alizaliwa maskini msituni, naye alipigana vita chini ya Jackson huyo huyo. Akapiga kura ya hapana, na mwaka 1831 akakosa kiti chake.

Kati ya waliohamishwa walikuwa Wacherokee. Watu hawa walikuwa wakulima, wenye miji na katiba. Mtu wao mmoja, Sequoyah, ambaye hakujua kusoma Kiingereza, alibuni maandishi ya lugha yao akayakamilisha mwaka 1821, na kwa muda mfupi maelfu wakajua kusoma. Februari 1828 walianzisha gazeti, Cherokee Phoenix, kwa lugha yao na Kiingereza. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1832 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo la Georgia halina mamlaka katika nchi yao. Haikuwasaidia. Mwaka 1835 kikundi kidogo kilitia sahihi mkataba wa kuuza nchi. Chifu mkuu John Ross alipinga, na barua ya kupinga ikapelekwa na majina zaidi ya 15,000. Seneti ikaupitisha mkataba kwa tofauti ya kura moja tu.

Mei 1838, Jackson akiwa ameshaondoka madarakani, askari walianza kuwatoa watu majumbani na kuwaweka katika kambi zilizozungushwa magogo. Kisha wakasafirishwa kwenda nchi ambayo leo ni Oklahoma, wengi kwa miguu, katikati ya baridi kali. Walikuwa kama 16,000. Inakadiriwa kwamba 4,000 hivi walikufa. Kundi moja baada ya jingine lilipita Kentucky na Illinois, wakakwama mtoni kwa barafu. Mke wa chifu Ross alikuwa kati ya waliokufa njiani.

Kijana wangu akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwani Jackson alikuwa amesahau?"

Nilimjibu: "Hakusahau. Lile kovu la upanga alibaki nalo mpaka kifo. Alikumbuka uchungu wake vizuri sana. Wa wenzake ndio hakuuona."

Ndugu zangu, hili ndilo nililotaka kuwaletea. Tumezoea kusema shida ni shule. Shida inaweza kumfundisha mtu kuvumilia, na hata kutawala. Huruma haimfundishi peke yake. Jackson na Crockett wote walitoka msituni na umaskini, wakafika mahali pamoja pa kuamua, wakaamua tofauti.

Hata Lincoln nisimpake mafuta. Ni kweli, Januari 1863 alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi, na Aprili 1865 aliuawa kwa risasi. Lakini Mei 1862 alitia sahihi sheria ya kumpa mlowezi ekari 160 akiishi na kulima miaka mitano, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kwa wenyeji. Mwaka huo huo, huko Minnesota, Wadakota walicheleweshewa fedha na chakula walichoahidiwa katika mikataba. Njaa ikaingia, vita vikalipuka. Mahakama ya kijeshi ikawahukumu watu 303 kufa. Lincoln alipitia majalada yao, akaondoa wengi. Waliobaki, watu 38, walinyongwa siku moja, tarehe 26 Desemba 1862. Aliokoa wengi na aliua wengi, kwa kalamu ile ile. Watoto wetu wanastahili kuambiwa yote mawili.

Na Wacherokee hawakuishia njiani. Walipofika waliandika katiba mpya mwaka 1839. Mwaka 1844 wakachapisha gazeti jipya, na mwaka 1851 wakafungua shule mbili kubwa, moja ya wavulana na moja ya wasichana. Watu waliotolewa kwao kwa bunduki, katika miaka michache walikuwa wanachapa gazeti kwa maandishi yao wenyewe. Nikiangalia karatasi hii ya kwetu, yenye kurasa chache na wino unaofifia, najisikia si mpweke.

Kwa wazazi nina mashauri mawili. La kwanza, someni pamoja na watoto, hata kitabu kimoja kwa mwezi, hata kama Kiingereza au Kifaransa chako kimechakaa. Mtoto atakusaidia, na hapo utasikia anachokiwaza. La pili, tukiota moto na kusimulia ya kwetu, tuyasimulie yote: walivyotutoa, na pia jirani wa kabila lile lingine aliyetuficha, maana wapo. Kati ya watoto wanaocheza mpira leo pale uwanjani, baadhi watakuwa machifu, wabunge, makamanda. Siku moja karatasi ya kumtoa mtu shambani kwake itawekwa mbele yao, na kalamu.

Kijana wangu hajaniambia kama amebadilisha nia yake ya jeshi. Juzi nilimkuta anamsomea mdogo wake habari za Sequoyah, wamejichorea herufi zao wenyewe chini kwa kijiti. Vitabu bado ninavyo. Anayetaka kuviazima aje, ila avifunge kwenye nailoni, mvua bado ipo.