Kayamba Lililovuka Bahari: Jamaa ya Mzee Lélé na Nyimbo za Réunion

Katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, kuna ala iitwayo kayamb. Ni kisanduku bapa cha mabua yaliyopangwa sambamba, ndani mkatiwa mbegu ngumu, na mpigaji hukishika kwa mikono miwili akakitikisa huku na huku mpaka kikatoa sauti kama ya wimbi linalorudi baharini na kuburura changarawe. Mtu wa Malindi au wa Kilifi akioneshwa ala hiyo hahitaji mkalimani. Ataitambua kwa umbo, ataitambua kwa mlio, na hata kwa jina, maana kilichopungua ni irabu moja tu ya mwisho. Lakini akiichunguza kwa makini ataona jambo jengine. Kayamba la pwani hufanywa kwa matete. La Réunion hufanywa kwa vikonyo vya maua ya muwa. Tofauti hiyo ndogo ni historia nzima: waliolikumbuka kayamba walilitengeneza kwa kile walichokizunguka mchana kutwa, nacho kilikuwa ni miwa, tena miwa isiyokuwa yao.

Kisiwa hicho hakikuwa na wenyeji kabla ya karne ya 17. Wafaransa walikikalia, wakakiita Bourbon, wakapanda kahawa na baadaye sukari, na kila shamba lililoongezeka lilidai mikono. Mikono ililetwa kutoka Madagaska, kutoka Msumbiji, na kutoka pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa mateka 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Ni mkataba unaouma kuusoma, kwa sababu mkono mmoja ulioutia saini ulitoka ng'ambo, na wa pili ulikuwa wa hapa hapa. Anayetaka kuisikiliza ngoma ya Réunion kwa masikio ya pwani hana budi kuanza na jambo hilo. Undugu wa kayamba na kayamb si undugu wa kutembeleana. Ni undugu wa kuuzwa na kununuliwa.

Utumwa ulifutwa kisiwani humo tarehe 20 Desemba 1848, na watu wapatao 62,000 wakawa huru. Siku hiyo mpaka leo husherehekewa kwa jina la Sikukuu ya Kaf. Na Kaf ni nani? Ni mtu mweusi, mjukuu wa Afrika. Na asili ya neno ni lile lile kafiri la Kiarabu, lililopita midomoni mwa Wareno likafika katika Kikrioli. Neno lililokuwa hukumu ya dini likageuka jina la rangi, kisha likawa jina la sikukuu. Hivyo ndivyo Wakrioli walivyozoea kufanya: hupokea walichotupiwa, wakakiosha, wakakivaa.

Ngoma yao kuu huitwa maloya. Mdundo wake hubebwa na ngoma kubwa iitwayo roulèr, pipa lililowambwa ngozi ya ng'ombe, ambayo mpigaji huilaza chini, akaipanda kama mpanda farasi, akaipiga kwa viganja na kuigandamiza kwa kisigino pale anapotaka sauti ibadilike. Kando yake huwapo bobre, upinde wenye uzi mmoja na kibuyu. Huwapo kipande cha mwanzi kinachogongwa kwa vijiti viwili. Huwapo pembetatu ya chuma. Manju hutoa mstari, waitikiaji wakaurudisha. Hakuna asiyeijua sura hiyo katika pwani ya Afrika. Maloya ya asili ni ya mashamba na ya nyumbani, na kilele chake ni servis, tambiko la usiku kucha ambapo jamaa huwapikia wahenga wao vyakula walivyovipenda, wakawaimbia mpaka kukacha. Anayeimba usiku huo haimbi kwa ajili ya wasikilizaji. Anawaita watu wake.

Humo ndimo alimotokea Julien Philéas, aliyejulikana kwa jina la Granmoun Lélé. Granmoun kwa Kikrioli ni mtu mzima, mzee wa heshima. Alizaliwa mwaka 1930 huko Saint-Benoît, upande wa mashariki wa kisiwa, upande wa mvua na wa miwa. Katika damu yake mlikuwa na Madagaska na mlikuwa na India. Aliingia kazini katika kiwanda cha sukari cha Beaufonds angali mdogo, na maisha yake ya kazi yakaishia humo. Mchana alikuwa mtu wa mitambo na moshi. Usiku alikuwa mtunzi, mchezaji na manju. Nyumbani kwake servis ilifanywa, na waliokuwa wakimwitikia hawakuwa wanamuziki wa kukodiwa. Walikuwa mkewe na wanawe.

Ndipo ilipo siri ya kundi lake. Watu husema "bendi ya jamaa" kama kwamba ni namna fulani ya kupunguza gharama, baba akawapanga wanawe kwa kuwa hawaombi mshahara. Kwa Mzee Lélé jamaa haikuwa njia ya kupata wapigaji. Jamaa ndiyo iliyokuwa sababu ya kupiga. Wimbo wa kuwaita wahenga hauwezi kuitikiwa na mtu asiyehusika na wahenga hao. Mwana aliyekaa juu ya roulèr alikuwa anamwita babu yake mwenyewe. Binti aliyepokea kiitikio alikuwa anajibu sauti aliyoisikia tangu tumboni. Hata mnamo mwaka 1993, ilipotoka albamu yake Namouniman, naye ana umri wa miaka 63, kilichonaswa katika santuri hakikuwa mazoezi ya studio. Ilikuwa nyumba, iliyofunguliwa mlango kwa muda. Zikafuata Soleyé mwaka 1995 na Dan Kèr Lélé mwaka 1998, na jamaa hiyo ikapanda majukwaa ya Ulaya, mzee akicheza kwa wepesi uliowashangaza vijana.

Wasikilizaji wa huko walipenda kusema kwamba mzee huyu "amechanganya" Afrika, Madagaska na India. Kauli hiyo ina kasoro. Achanganyaye ni yule aliye na vitu viwili mbalimbali mezani, akavitia katika chungu kimoja. Mzee Lélé hakuwa na meza ya namna hiyo. Baada ya mwaka 1848 wenye mashamba waliwaleta vibarua wa mkataba kutoka India ya kusini, wengi wao Watamil, wakalazwa katika mabanda yale yale na kukata miwa ile ile. Wakaja na mahekalu yao na ngoma zao. Wakaoa na kuolewa. Mtoto aliyezaliwa katika kitongoji cha kiwanda alisikia ngoma ya hekalu jioni na roulèr usiku, na zote mbili zilikuwa za kwao. Akiimba kwa Kikrioli kisha akaingiza Kimalagasi, hakuwa anakopa. Alikuwa anamtaja mama, kisha anamtaja baba. Dunia ilikwisha kuingia nyumbani mwake kabla yeye hajazaliwa, nayo haikubisha hodi.

Hata hivyo si haki kusema kwamba njia ilikuwa nyeupe. Kwa miaka mingi maloya ilitazamwa kwa jicho baya na wakubwa wa kisiwa, ambacho tangu mwaka 1946 ni mkoa wa Ufaransa. Ilihesabiwa kuwa ngoma ya washenzi, na kwa kuwa chama cha kikomunisti cha Réunion kiliipa jukwaa, ikahesabiwa pia kuwa ngoma ya fitina. Ni chama hicho kilichotoa santuri za kwanza za maloya mwaka 1976, akiwamo Firmin Viry, mkata miwa aliyekuwa naye na kundi la jamaa yake. Redio ziliinyima nafasi. Hali ilianza kulegea baada ya mabadiliko ya serikali ya Ufaransa mwaka 1981. Kwa hiyo maloya ilinusurika kwa kukaa nyumbani. Mlango ulipofungwa barazani, jamaa zikawa ndizo shule, ndizo maktaba, na ndizo zizi la lugha. Kama si mama aliyemwachia mtoto asinzie kando ya ngoma, leo kusingekuwa na cha kurekodi.

Katika miaka hiyo ya kufungwa na kufunguliwa likazaliwa kundi la Ziskakan, mwaka 1979. Jina lake ni swali: "mpaka lini?" Mwanzilishi wake, Gilbert Pounia, na wenzake walikuwa watu wa mashairi kwanza. Walitaka Kikrioli kiandikwe, kisomwe na kiheshimiwe, na wakaona kwamba shairi lisilopewa sauti litabaki kitabuni. Wapenda utenzi wa pwani wanalijua jambo hilo bila kufundishwa, kwani kwao tungo isiyoghanwa ni nusu ya tungo. Ziskakan walitia gitaa ndani ya maloya, wakatia sitari na tabla, na Pounia, mwenye asili ya India, alikuwa na haki ya kuzitia. Tofauti yao na Mzee Lélé ni kwamba wao walichagua. Yeye alirithi bila kuulizwa; wao walikwenda kuutafuta urithi kwa makusudi.

Na binti ya Pounia alikwenda mbali zaidi. Maya Kamaty, mtoto wa mwimbaji huyo na wa mtambaji hadithi Anny Grondin, hakuikumbatia maloya utotoni. Ilikuwa ni kazi ya baba. Ilimbidi aende kusoma Montpellier, huko Ufaransa, ndipo masafa yakamfundisha kile ambacho ukaribu ulikuwa umemficha. Albamu yake ya kwanza, Santié Papang, ilitoka mwaka 2014. Ya pili, Pandiyé, ya mwaka 2019, ikaujaza mdundo wa kayamb mitambo ya umeme. Wako wanaoguna wakisikia hivyo. Husema kwamba mtoto wa mwimbaji mkubwa ameichuja maji ngoma ya wazee.

Wanaoguna wasipuuzwe, maana hofu yao ina msingi. Ngoma ya tambiko ikipandishwa jukwaani hupungukiwa na kitu. Usiku kucha hugeuka saa moja na nusu, chakula cha wahenga hugeuka tiketi, na waliokuwa wakiitikia hugeuka kuwa wanaopiga makofi. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza maloya katika orodha ya urithi wa binadamu, nayo ni heshima kubwa. Lakini kitu kikishakuwa cha binadamu wote, mtu huweza kuuliza ni nani hasa atakayekesha kwa ajili yake. Hatari iliyopo basi haitoki kwenye sitari wala kwenye mtambo wa umeme. Inatoka kwenye ukumbi ambao hakuna anayemjua anayeitwa.

Kwa kipimo hicho, jamaa ya Mzee Lélé ina fundisho. Jukwaa halikuwadhuru kwa sababu halikuwa makao yao. Walikwenda Ulaya wakarejea Saint-Benoît, na huko deni la wahenga lilikuwa palepale, halilipwi kwa pesa za maonesho. Mwenye mahali pa kurudi aweza kwenda popote na kupokea chochote. Asiye na mahali pa kurudi, hata akihifadhi kila pigo kama lilivyokuwa, atakuwa amehifadhi gamba.

Mzee Lélé alifariki Novemba 2004. Wanawe waliendelea kupiga na kuimba, kama ilivyotarajiwa, kwani kazi waliyofundishwa haikuwa ya kumsindikiza baba bali ya kuwaita waliomtangulia. Na sasa yeye mwenyewe ameingia katika majina ya kuitwa. Miongoni mwa majina hayo ya kisiwa kizima wamo wasiojulikana tena, waliotolewa Kilwa na Msumbiji bila daftari kuwaandika kwa majina waliyopewa na mama zao. Wanaitwa kwa jumla, katika lugha ambayo wao wenyewe wasingeielewa, kwa ala ambayo wangeitambua mara moja. Watu wa pwani wanaosikia mwito huo hawawezi kudai kwamba hauwahusu. Kuitikia, katika ngoma ya namna hii, ndiyo nusu ya wimbo. Na nusu hiyo imekwisha subiri muda mrefu.