Butembo: Alitafuta mtoto miaka sita, dokta akamuomba kwanza asishike mimba

Mama mmoja mkaaji wa komine ya Vulamba, mjini Butembo, anahesabu miezi kama mchuuzi anavyohesabu deni. Huu ni mwezi wa 14 tangu apasuliwe tumbo jijini Nairobi ili apunguze uzito. Ndani ya mkono wake wa kushoto, chini ya ngozi, kuna kijiti kidogo kama njiti ya kiberiti. Kijiti hicho kimeleta maneno nyumbani kuliko upasuaji wenyewe.

Ana miaka 34, anauza vitenge, na ana watoto wawili. Mdogo ana miaka minane. Baada ya huyo, miaka sita mizima alitafuta mwingine bila kupata. Uzito ulikuwa unapanda tu, hadi ukafika kilo 131. Sukari ikaingia, kisha presha. Kuona mwezi kukawa kwa bahati: miezi mitatu hakuna, halafu damu wiki mbili. Watu walisema amenenepa kwa sababu bwana yake anamtunza vizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba unene na kizazi ni kesi moja: mafuta yakizidi mwilini yanavuruga homoni, na yai linaweza kukosa kukomaa.

Familia ikauza kiwanja. Kabla ya safari, aliongea na dokta wa Nairobi kwa WhatsApp na kumtumia karatasi za vipimo. Swali la kwanza la dokta lilimuumiza.

— Mama, unatumia njia gani ya kupanga uzazi?

Alidhani anachekwa. Akajibu kwamba yeye hazuii mtoto, anamtafuta. Tena farmasi ilimpa vidonge vya kurekebisha mwezi. Dokta akaomba picha ya pakiti. Vilikuwa vidonge vya uzazi wa mpango, vile vyenye estrojeni. Akamwambia aviache mara moja, wiki nne kabla ya kisu au zaidi, kwa sababu estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na mtu mnene anayelala kitandani baada ya operesheni tayari yuko karibu na hatari hiyo. Kwa mtu mwenye presha, vidonge hivyo havifai hata bila operesheni.

Kisha akamweleza jambo ambalo hakulitarajia. Uzito ukianza kushuka, kizazi kinaweza kuamka haraka, hata ndani ya miezi michache, wakati mwili bado hauna chakula cha kutosha kwa watu wawili. Ndiyo maana madaktari wanashauri mwanamke asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, wengine wanasema hata 24. Mimba ya mapema inaweza kumkuta mama hana chuma, foliki wala vitamini B12 ya kutosha, na mtoto akazaliwa mdogo au kabla ya wakati.

Alikuwa na wiki sita za kuchagua. Akaenda kwenye kituo cha afya na muuguzi akamwekea mezani kila njia.

Vidonge vilitoka kwanza. Operesheni yake ni ile ambayo tumbo linafanywa kifuko kidogo na sehemu ya utumbo inarukwa. Dawa inayomezwa hupita haraka na huenda mwili usiichukue yote. Kutapika na kuharisha, ambako hutokea mara nyingi miezi ya mwanzo, kunaharibu zaidi. Miongozo ya CDC ya Marekani inasema kwa operesheni ya aina hiyo vidonge visiwe chaguo la kawaida, lakini shindano, kijiti na kitanzi havina shida hiyo kwa kuwa havipiti tumboni. Kwa wale wanaokatwa tumbo peke yake bila kugusa utumbo, vidonge havikatazwi namna hiyo, ila kutapika kunabaki.

Shindano la miezi mitatu linafanya kazi, lakini linaweza kuongeza uzito na kupunguza nguvu ya mifupa, na yeye tayari alikuwa anaenda kupungukiwa kalsiamu. Tena likiachwa, mimba inaweza kukawia miezi mingi. Kitanzi cha shaba hakina homoni na kinadumu miaka 10, ila kinaweza kuongeza damu ya mwezi, na yeye damu yake ilikuwa chache. Kikabaki kijiti: kimoja cha miaka mitatu, au viwili vya miaka mitano. Huwekwa mkononi, hutolewa siku yoyote, na uzazi unarudi upesi. Ubaya wake ni kwamba siku za damu hazitabiriki.

Mama mkwe hakupenda.

— Mwanangu, unaenda kutafuta afya ama kuziba kizazi? Hesabu siku, kama tunavyofundishwa kanisani.

Muuguzi alijibu kwa heshima kwamba kuhesabu siku kunahitaji siku zinazohesabika. Za mama huyu zilipotea miaka mingi, na zikianza kurudi hakuna atakayejua zimerudi lini.

Bwana yake alisita wiki nzima. Sheria ya afya ya Kongo ya mwaka 2018 inataka wanandoa wakubaliane juu ya njia ya kupanga uzazi, lakini wasipokubaliana, neno la yule anayeitumia njia hiyo ndilo linasimama. Haikufika huko. Siku ya saba bwana yake alimsindikiza kituoni na akashika mkoba wakati kijiti kinawekwa. Kisha ikaja barabara ya Beni hadi Kasindi, ambayo kila msafiri anaiombea kabla ya kupanda gari, halafu Kampala, halafu Nairobi.

Alirudi, na kilo zikaanza kuanguka. Maneno nayo yakabadilika: sasa ana ugonjwa, angalieni shingo. Jirani mmoja akamshauri atoe kijiti na kumeza vidonge, eti ndicho kinamkausha. Karibu amsikilize.

Kilichomzuia ni simu. Mwezi wa tano alipigiwa na mwanamke wa Uganda waliyelala chumba kimoja hospitalini, aliyefanyiwa operesheni ileile. Naye alikuwa ameambiwa miaka mingi kwamba hazai. Alikuwa anameza vidonge kila siku bila kusahau, na ameshika mimba. Alilia kwa furaha na kwa hofu pamoja. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo sana, akakaa hospitali wiki nyingi. Yuko hai. Mama wa Vulamba alimsimulia mama mkwe habari hiyo yote, bila kuongeza neno.

Leo ana kilo 83. Sukari imeshuka, dawa ya presha imepunguzwa. Wamekubaliana na bwana yake kwamba kijiti kitatoka baada ya mwezi wa 18, lakini vipimo kwanza. Vya wiki iliyopita vinaonyesha B12 iko sawa, chuma bado kiko chini. Vitamini atameza maisha yake yote, awe na mimba au asiwe nayo, na pale barabara inapofungwa na dawa kukawia ndipo wasiwasi unaanza.

Mama mkwe haulizi tena habari ya kijiti. Kila Jumamosi anafika na fungu la lengalenga, anakaa jikoni na kuuliza swali moja tu: damu imefika ngapi?