Machakos: Sumu ya Ghalani, Fidia ya Nani?

Ukipata nafasi Jumamosi, mpenzi msomaji, ipandishe familia matatu ya Machakos. Safari si ndefu, kilomita sitini na kitu kutoka Nairobi. Utapita Athi River na viwanda vyake vya saruji, utaiacha barabara ya Mombasa pale Kyumbi, na punde milima ya Iveti itasimama mbele yako. Mji huu ni mkongwe kuliko Nairobi. Kampuni ya Waingereza iliweka kituo hapa mwaka 1889. Wageni wengi hukimbilia Kituluni, ambako maji huonekana kana kwamba yanapanda mlima. Wapeleke watoto, watafurahi. Lakini nakuomba utazame pia maghala.

Mwaka 1981, katika Wilaya ya Machakos ya wakati huo, njiwa walianza kufa, wakafuata mbwa, kisha watu. Wagonjwa 20 walilazwa hospitalini, maini yao yameharibika. Kumi na wawili wakafariki. Chanzo kilikuwa aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri. Kuyapika hakuiondoi.

Mwaka 2004 balaa ilirudi: watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, na Machakos pia haikunusurika. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa mabichi, mengine ndani ya nyumba za kulala kwa kuhofia wezi. Serikali iliyachukua mahindi mabovu, ikayateketeza na kuleta chakula kingine. Mahindi yalipata badala yake. Je, marehemu?

Marekani ilipitisha sheria mwaka 1990 ya kuwalipa walioumizwa na mionzi ya majaribio ya bomu la atomiki, pamoja na wachimbaji wa madini ya urani, waliotengewa dola 100,000 kila mmoja. Huko serikali ndiyo iliyolipua mabomu. Hapa kwetu, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha betri kuukuu, walitunukiwa na mahakama shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakazipoteza kwenye rufaa mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi Desemba 2024. Wao walikuwa na kiwanda cha kunyoshea kidole.

Mjane wa Machakos atamshtaki nani? Mahindi alilima mwenyewe, na mvua ni ya Mungu. Hata hivyo, mimi sikubali kwamba kesi imekwishia hapo. Mwaka huo wa 2004 yalipimwa mahindi ya masoko ya eneo hilo, na zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango cha sumu kilichoruhusiwa. La shambani tuite bahati mbaya. La sokoni lina wakaguzi wanaolipwa mshahara.

Ukifika sokoni nunua muthokoi, maana kukoboa hupunguza sumu hiyo. Na ukichukua mahindi ya kuweka nyumbani, tia konzi moja ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise dakika chache. Chumvi ikigandama ukutani mwa chupa, yaanike tena.