Sufuria ya Mbwa

Sajini mmoja wa polisi, aliyehamishwa kutoka Moroto kuja Kampala, alifika na mizigo yake juu ya lori: vitanda viwili, kabati, sigiri, majerikeni manne, na mbwa wa rangi ya mchanga aitwaye Simba. Huko Karamoja mbwa huyo alikuwa na ua mpana wa kukimbilia. Alilala mlangoni na kubweka kila aliposikia nyayo usiku, na mke wa Sajini, ambaye mara nyingi alibaki peke yake na watoto mumewe alipokuwa doria, alipata usingizi kwa sababu ya sauti hiyo. Kampala walipewa vyumba viwili katika ghorofa ya tatu. Watu wazima wawili, watoto wanne na mbwa mmoja wakawa wanapishana katika ukumbi ambao meza ikishawekwa, mlango haufunguki wote.

Moroto, Simba alikula posho iliyobaki na chochote alichojiokotea. Mjini hapakuwa na cha kuokota. Ndipo mpwa wa Sajini, kijana wa kampuni moja ya ulinzi anayeshinda na mbwa wa kazi, alipokuja kuwaamkia na kutoa shauri lake.

"Mjomba," alisema, "watu wa Ulaya siku hizi hawampikii mbwa. Mbwa ni jamaa ya mbwa mwitu. Nani aliyempikia mbwa mwitu?"

Kijana hakuwa amebuni maneno hayo. Mwaka 1993 mganga wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alitoa kitabu cha kuwahimiza wafugaji waache vyakula vikavu vya viwandani na wawape mbwa mifupa mibichi yenye nyama, viungo vya ndani na mboga. Shauri hilo limepata wafuasi wengi katika nchi zenye uwezo. Husema kwamba manyoya ya mbwa humetameta, meno husafika kwa kutafuna, na kinyesi huwa kidogo. Si vema kuwacheka, kwani kila aliyemwona mbwa na mfupa mbichi anajua furaha aliyo nayo mnyama huyo. Lakini mfuasi wa ulaji huo huko Sydney au London aghalabu ana jokofu la pekee kwa nyama ya mbwa, umeme usiokatika, na pengine bustani nyuma ya nyumba. Sajini alikuwa na mapafu ya ng'ombe.

Aliyachagua mapafu kwa kuwa ni rahisi kwa bei, na mwenye bucha alikuwa radhi kumfungia alfajiri kabla wateja hawajajaa. Hapo pana jambo la kuangaliwa. Mapafu matupu siyo hata huo ulaji aliouhimiza Billinghurst, maana hayana mfupa, na bila ya mfupa hayana chokaa inayotosha. Mbwa mkubwa huweza kuvumilia kwa muda. Mtoto wa mbwa akilelewa kwa nyama tupu, mifupa yake hulegea, miguu ikapinda, na huweza kuvunjika kwa kuruka tu. Mwenye kuigiza jambo la watu na aigize lote, au aliache.

Tena uko wingi wake. Wafuasi wa nyama mbichi hukadiria chakula cha mbwa kwa siku kuwa asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake. Mbwa wa kilo 20, kama Simba, huhitaji basi gramu 400 hadi 600. Kwa nusu kilo kila siku, zilipita kilo 15 za mapafu mabichi kila mwezi katika ukumbi ule ule ambamo watoto walikula, walisoma, na wawili kati yao walilala. Yalikatwa kwa kisu kilichokata nyanya. Yaliwekwa katika beseni ambalo asubuhi lilioshea vyombo. Na mbwa, kwa tabia yake, hali chakula kitamu mahali alipowekewa: huking'ang'ania, akakivuta mpaka pembeni penye usalama, na katika nyumba ile pembe yenye usalama ilikuwa chini ya kitanda cha watoto.

Wa kwanza kusema alikuwa jirani wa ghorofa ya pili, mke wa koplo, mama Mnubi kutoka Bombo. Alipiga hodi, akakaribishwa, akaketi, akauliza hali za watoto mmoja mmoja, kisha akamwambia mwenyeji wake kwa sauti ya chini:

"Dada yangu, mbwa wenu ni wenu, sina neno naye. Ila maji mnayooshea sakafu yanashuka kutoka roshani yenu, na mimi chini naanika mkeka wa kuswalia. Jana nimeuosha mara mbili. Yalikuwa na damu."

Mke wa Sajini alishikwa na haya hata akashindwa kumtengenezea mgeni chai sawasawa. Alijua kwamba Waislamu wamefundishwa kukiosha mara saba, mara moja kwa udongo, chombo kilichorambwa na mbwa. Jirani hakulitaja hilo. Ndiyo maana lilimchoma zaidi. Usiku alimweleza mumewe. Sajini akajibu kama wanaume wengi wanavyojibu, kwamba maji yatamwagwa kwingine, akageukia ukutani.

Mwezi uliofuata umeme ulikatika Jumamosi usiku, ukarudi Jumapili jioni. Mfuko wa mapafu ulikuwa kwenye rafu ya juu ya jokofu lao dogo, na chini yake sufuria ya maziwa iliyofunikwa nusu. Jumanne mtoto wao wa mwisho, msichana wa miaka mitatu, alishikwa na homa na kuhara. Jumatano kulikuwa na damu katika choo chake. Alilazwa siku tano akitiwa maji kwa mshipa, na mamaye alilala sakafuni chini ya kitanda chake. Tabibu alieleza kwamba maabara imekuta vijidudu viitwavyo salmonela, kisha akauliza swali ambalo mama hakulitazamia: "Nyumbani mnashika nyama mbichi kwa wingi?"

Hapana aliyeweza kuapa kwamba ugonjwa ulitoka kwenye mapafu. Salmonela huletwa pia na yai, kuku, maji machafu, au mkono wa muuza chakula barabarani. Lakini yajulikana vema kwamba mbwa anayelishwa nyama mbichi huweza kuvibeba vijidudu hivyo na kuvitoa katika kinyesi siku nyingi, naye mwenyewe mzima, akila na kucheza. Na kwamba baridi ya jokofu, hata ile ya kugandisha, huvilaza tu bila ya kuviangamiza. Kwa sababu za namna hii chama cha waganga wa mifugo wa Marekani kilitoa tamko mwaka 2012 la kutoshauri mbwa na paka walishwe nyama ambayo haijapikwa. Watoto wadogo, wazee na wajawazito ndio huumia zaidi.

Mama aliporudi nyumbani na mtoto begani hakupandisha sauti. Alisema, "Baba watoto, chagua wewe. Mimi nimeshachagua." Watoto wakubwa walisikia, wakaenda kumkumbatia mbwa, wakalia.

Sajini alimwita mganga wa mifugo aje amtazame Simba kabla ya kumpa mtu mwingine. Mganga alimpapasa, akamwangalia meno, kisha akauliza alikotoka. Aliposikia Karamoja, akaketi upya.

"Afande, ulipokuwa huko uliona mapafu yenye malengelenge ya maji?"

Sajini aliyakumbuka. Ng'ombe au kondoo alipochinjwa kichakani, ini na mapafu yenye vifuko vya maji hayakuliwa na watu, walitupiwa mbwa. Hiyo ndiyo njia ya ugonjwa wa hidatidi. Ndani ya vifuko hivyo mna mbegu za tegu mdogo sana, asiyefikia urefu wa sentimeta 1. Mbwa akila kifuko kibichi, mategu hukua katika utumbo wake kwa maelfu bila ya kumdhuru, na baada ya wiki sita au saba hutoa mayai pamoja na kinyesi. Mayai hung'ang'ania manyoya. Mtoto hukumbatia mbwa, akatia mkono kinywani, na miaka mingi baadaye uvimbe wa maji huonekana katika ini au pafu lake, aghalabu ukihitaji kupasuliwa. Karamoja na Turkana zinapakana, na Turkana ni miongoni mwa sehemu zilizopata kuonekana na wagonjwa wengi kabisa duniani; AMREF ilianza kampeni ya kuuzuia huko mwaka 1983. Sajini alinyamaza. Alikuwa amekichukua kiungo chenye hatari kuliko vyote, akakileta chini ya kitanda cha wanawe, na kumpa mbwa aliyetoka mahali penyewe.

Mganga aliwasimulia habari za Iceland, kisiwa cha baridi kali ambako zamani watu, kondoo na mbwa waliishi karibu karibu wakati wa majira ya baridi, na ugonjwa huu ukawaua wengi. Mwaka 1863 mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe, alikwenda kuuchunguza. Kijitabu kikaandikwa na kugawiwa majumbani bila malipo, kikiwataka watu wasiwape mbwa viungo vyenye vifuko, bali wavizike au kuvichoma. Mji mkuu, Reykjavik, ulizuia kabisa ufugaji wa mbwa mwaka 1924, na zuio hilo likalegezwa mwaka 1984 tu. Ugonjwa ulikwisha nchini humo.

"Basi hata sisi tumfukuze?" mama aliuliza.

"La, mama. Mpikie."

Kuhusu hoja ya mbwa mwitu, mganga alikuwa na jibu. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2013 kwamba mbwa, kwa kuishi na wanadamu maelfu ya miaka, amepata uwezo wa kuyeyusha wanga unaozidi sana ule wa mbwa mwitu. Posho ni chakula chake halali. Kwa hiyo Simba hupikiwa hivi sasa: unga wa mahindi, mukene wanaopikwa wazima, ambao mifupa yao midogo ndiyo humpa chokaa, majani ya dodo kidogo, na siku mbili kwa juma viungo vya ndani vilivyokatwa vipande vidogo na kuchemshwa nusu saa kamili tangu maji yanapoanza kutokota. Chumvi haitiwi, wala vitunguu, kwani vitunguu humdhuru mbwa hata vikipikwa. Mifupa iliyopikwa hutupwa, maana hukatika kwa ncha kali na kutoboa matumbo. Hupewa dawa ya prazikwanteli kila wiki sita, kama alivyoagiza mganga kwa mbwa atokaye huko. Na kwa kuwa dawa huua mategu lakini haiui mayai, kinyesi cha siku zile huchomwa, na Sajini mwenyewe ndiye mchomaji.

Mama alitoa masharti matatu, nayo hayajadiliwi: sufuria ya mbwa ina alama ya rangi nyekundu na haiingii jikoni, Simba hulia roshani, amefungwa mpaka amalize, na hakuna mtoto agusaye sahani bila ya sabuni. Kazi imeongezeka. Makaa nayo yana bei yake, na mapafu yakichemka harufu hupanda ngazi zote. Mpwa amekwisha kumcheka mjombake kwamba sasa ni mpishi wa mbwa.

Jioni ya juzi, sufuria ikiwa mekoni, kulisikika hodi. Alikuwa mtoto wa koplo. Mama yake alikuwa amemtuma aulize kama mukene mbichi walibaki, paka wao ameshindwa kutulia tangu harufu ianze kushuka.