Tafakari ya Juma: Mlango wa Kupokea



Wapendwa katika Kristo, Mtakatifu Yohane, katika sura ya 9 ya Injili yake, anatusimulia kwamba wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu hawakuuliza atasaidiwaje. Walitaka kujua nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali hilo halijazeeka. Twalisikia misibani na katika wodi za watoto, nalo huulizwa kwa sauti ya chini, huku shangazi fulani akitazamwa kwa jicho la pembeni. Juma hili tumeona vema kulitafakari kwa kuutazama mwili wenyewe, maana Muumba ameweka humo mambo mengi ambayo sisi wahubiri huyapita kwa haraka.

Katika damu ya kila mmoja wetu zimo protini zaidi ya 30 ziitwazo kwa pamoja komplementi, yaani kikamilishi. Nyingi hutengenezwa na ini. Mwaka 1895 Mbelgiji Jules Bordet, akiwa katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alionyesha kwamba kingamwili peke yake haitoshi kuwaangamiza bakteria. Yahitaji kitu kingine kilichomo katika damu, hata ya mnyama asiyepata kinga dhidi ya bakteria hao, nacho huharibika kikipashwa moto. Bordet alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919.

Kazi mojawapo kubwa ya protini hizi ni kutia alama. Ile iitwayo C3 hukatwa, na kipande chake hung'ang'ania juu ya kijidudu kama chapa juu ya gunia. Lakini chapa haibebi gunia. Lazima awepo wa kuisoma na kuupokea mzigo. Wapokeaji hao ndio vipokezi vya komplementi, vilivyopandwa juu ya seli zetu, na wataalamu huvitaja kwa namba.

Cha kwanza kimo juu ya seli nyekundu za damu. Shuleni tulifundishwa kwamba seli hizi hubeba hewa. Kumbe hubeba na taka. Hushika mafungu ya kingamwili na vitu vigeni yaliyokwisha kutiwa alama, huyasafirisha hadi kwenye ini na wengu, na huko seli ziitwazo walaji huupokea mzigo na kuumeng'enya. Seli nyekundu yenyewe huachwa salama, ikarudi njiani. (Wale wanaofagia kanisa kila Jumamosi bila kutajwa katika matangazo watatuelewa.) Cha pili kimo juu ya seli B, zile ambazo uzao wake hutengeneza kingamwili, kitu kigeni chenye alama huziamsha kwa urahisi zaidi kuliko kisicho nayo. Cha tatu na cha nne vimo juu ya walaji, navyo huwasaidia kummeza adui.

Hapa ndipo penye ugumu. Mlango uliowekwa kwa ajili ya kupokea waweza kutumiwa na mwingine. Bakteria wa kifua kikuu, pamoja na njia zao nyingine, huingia ndani ya mlaji kwa kipokezi cha tatu, kisha huishi humo humo. Vimelea vya malaria hukitumia kile cha kwanza kuingilia katika seli nyekundu. Na virusi vya Epstein-Barr huingia katika seli B kwa kukishika kipokezi cha pili.

Virusi hivyo vina historia katika Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Uganda. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuviona virusi hivyo katika seli za uvimbe huo. Watu wazima karibu wote duniani wanavyo mwilini, na walio wengi hawaugui saratani kamwe. Ila mahali ambapo malaria haikatiki, watoto wachache huangukia saratani hiyo ya Burkitt.

Tumepata kuulizwa na mama aliyempoteza mtoto kwa ugonjwa huo kama ni kweli alirogwa na mama mkwe. Ukoo ulikuwa umekwisha kugawanyika. Tulimjibu kwamba hakurogwa, wala Mungu hakumwadhibu. Virusi vilipita katika mlango ambao kila mtoto mwenye afya anao, ule ule uliomsaidia kujikinga na maradhi mengine. Akatuuliza tena, basi kwa nini Mungu hakuumba mlango usiopitika na adui? Mbele ya kaburi dogo kama lile, wenye majibu ya haraka wangefanya heri kunyamaza. Yesu naye alikana kwamba ni dhambi ya yule kipofu au ya wazazi wake, kisha akatema mate, akafanya tope, akampaka macho.

Tope la siku zetu lipo. Saratani ya Burkitt hukua upesi mno, uvimbe ukaongezeka maradufu kwa siku chache. Hata hivyo ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri, na watoto wengi wanaofikishwa mapema na kumaliza matibabu hupona. Kikao cha ukoo cha kumtafuta mchawi huchukua majuma mawili au matatu. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo: mkiona mtoto ana taya lililovimba, meno yanayolegea bila sababu, au jicho linalotokeza, mchangieni nauli siku hiyo hiyo afikishwe hospitali. Ikipungua, njooni ofisi ya parokia baada ya misa ya asubuhi.