Wasomaji wa Mtendeli na Profesa Tournesol

Kazi yangu ni kuazimisha vitabu. Nilianzia Kasulu mjini, nikaja kuifanya kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, na sijapata kukutana na wasomaji wakali wa hadithi za kijasusi kama wale wa kambini. Kambi ilifunguliwa tena mwanzoni mwa 2016 ili kupunguza msongamano wa kambi ya Nyarugusu, ikajaa Warundi waliokimbia machafuko ya 2015. Shule zao zilifuata mtaala wa Burundi, Kirundi na Kifaransa, kwa hiyo vitabu vyangu vya Kiswahili viliwapa wengi tabu. Kilichotuvusha ni kitabu cha picha. Mwalimu mmoja alikuja nacho kutoka kwao: L'Affaire Tournesol cha Hergé, jalada limeachia, limeshonwa kwa uzi uliochomolewa kwenye turubai.

Kwa asiyekijua, kilichapishwa 1956 na kina kurasa 62. Profesa Tournesol amebuni mtambo wa mawimbi ya sauti unaopasua vioo na vyombo vya kaure. Nchi mbili za kubuni, Borduria na Syldavia, zinamgombania kwa siri ili mtambo huo uwe silaha. Anatekwa. Rafiki zake, Tintin na Kapteni Haddock, wanamfuata Geneva, mwishowe hadi Borduria kwenyewe.

Nakala ilikuwa hiyo moja, kwa hiyo tulisoma kwa kundi. Mwalimu alisoma Kifaransa na kueleza kwa Kirundi. Mimi Muha, na Kiha hakiko mbali na Kirundi, kwa hiyo nilisikia bila shida. Mapema tu nikaona kwamba maneno yakitangulia, ubishi unakufa. Tukaweka utaratibu: ukurasa ukifunuliwa, watu watazame picha, waseme wanachoona, ndipo mwalimu asome. Kanuni nyingine ilikuwa ngumu zaidi: ubishi uishie ndani ya kitabu. Marufuku kusema jasusi huyu anafanana na fulani wa kijiji cha pili. Kambini kumwita mtu mpelelezi si utani. Jina hilo likikushika, hata kwenye foleni ya maji watu wanakaa mbali nawe.

Maoni yenyewe sasa. Mambo ambayo wachambuzi wa vitabu husifia, hawa waliyapita mbio. Silaha ya kupasua vioo iliwachekesha tu. Mama mmoja akauliza huku Mtendeli ingepasua nini, turubai au tope? Walichocheka kweli ni kile kiplasta kilichomganda Kapteni kidoleni, anakikung'uta, kinamrukia abiria mwingine, kinazunguka na kumrudia mwenyewe. Picha zile tulizirudia kila kikao.

Lakini Tintin na Kapteni walipofika Borduria wakapokewa na mabwana wawili wenye adabu nyingi, wa kuwasindikiza kila waendako, kicheko kilikatika. Mwalimu hajafungua mdomo, kijana aliyekaa nyuma akasema: “Hao si wenyeji. Mwenyeji hakupangii pa kulala kabla hujamwambia umechoka.” Alipatia. Wale ni polisi wa siri.

Ubishi mkubwa ulizuka kuhusu karatasi. Tintin na Kapteni wanajificha kabatini, kwenye chumba cha mwimbaji Castafiore. Kanali Sponsz, mkuu wa polisi, anaingia kumsalimu mwimbaji. Koti lake linatundikwa humo humo kabatini. Mfukoni mna hati ya kumtoa Tournesol gerezani, akabidhiwe kwa wajumbe wawili wa Msalaba Mwekundu. Wanaiiba, wanajigeuza wajumbe, wanamtoa.

Vijana walianza na mlinzi. Geti gani hilo, watu wanaonyesha karatasi na kupita bila simu kupigwa kwanza? Watu waliozoea kuomba kibali cha kutoka kambini hawawezi kudanganywa kuhusu geti, na nadhani hapo Hergé alijirahisishia kazi. Kisha akasimama mama mmoja aliyekuwa akijitolea kwenye huduma za afya. “Mimi sina shida na mlinzi,” akasema. “Nina shida na Tintin. Wakigundua wamedanganywa, mjumbe wa kweli atakayefuata watamfanya nini?” Mzee wa mstari wa mbele akamjibu: “Mwanangu, mtu wako akiwa ndani, hata kanzu ya padri utaivaa.” “Nitaivaa, mzee. Lakini nitakuwa nimemponza padri.”

Nilinyamaza, ingawa nilikuwa upande wa mama. Mikataba ya Geneva ya 1949 inailinda alama ya Msalaba Mwekundu kwa sababu hiyo hiyo, na kitabu kilitoka miaka saba tu baadaye, tena kinapitia Geneva yenyewe! Mwandishi aliuona ujanja, hakuiona hasara. Ningeyasema hayo mapema, wangenisikiliza mimi na kuacha kusikilizana wenyewe. Mwazimishaji anayejua kunyamaza anasikia mengi.

Kasulu mambo ni tofauti. Nikimwazima mtu hadithi za jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona cha 1974, au Joram Kiango wa Ben Mtobwa, anarudi na habari za wanawake, hoteli na bastola. Mtendeli niliulizwa Gamba alipitaje mpakani na aliporudi alimripoti nani.

Mwishoni mwa Tournesol ikabainika kwamba michoro iliyotafutwa kote huko profesa aliisahau nyumbani. Hapo hakusamehewa. Watu waliotembea na karatasi zao za usajili zimefungwa kwenye nailoni, kifuani, walimwona mpumbavu aliyesoma. Alipoichoma ili isitumike vitani, wengine walipiga makofi. Yule mama hakupiga. “Kachoma karatasi, kichwa bado anacho,” akasema. “Watamrudia.”

Mwishoni mwa 2021 Mtendeli ilifungwa, watu wakahamishiwa kambi ya Nduta, mwalimu akaondoka na kitabu chake. Kabla ya hapo vijana walikuwa wameshamaliza Tournesol na kudai kingine. Sikuwa nacho. Nikawapa Gamba, nao wakanirudishia siku ya pili wakilalamika: sasa geti lenyewe liko wapi tulione?